Mpira wa baiskeli si dawa ya tiyo

Wandugu wafanyakazi, na nyinyi wamama mnaotunza nyumba,

Ukurasa huu unatuambia mara nyingi juu ya kaske, viatu vya kazi, vumbi na baruti. Ni vizuri, tuendelee kusoma. Leo naomba nafasi niseme juu ya hatari isiyokuwa kazini. Iko nyumbani kwetu, chini ya dirisha la jikoni, pale tiyo ya maji inapoingia ndani.

Nyumba ninayokaa hapa Bunia ni ya zamani. Ni ya matofali ya kuchoma, kuta zake nene, ilijengwa mbele ya uhuru wa 1960. Tiyo zake ni za chuma kilichopakwa zinki. Miaka mitatu iliyopita niliona udongo umelowa karibu na ukuta, na mvua haikuwa imenyesha. Nikachimba kidogo, nikakuta tiyo inalia maji pahali pa kuungana. Nikafanya vile kila mtu anavyofanya: nikatafuta mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukata mrefu mrefu, nikaufunga mara kumi, nikaukaza na waya. Maji yakakoma. Nikafukia, nikanawa mikono, nikajisifu mbele ya bibi yangu kwamba kazi ya fundi nimeifanya bila kutoa hata franka moja.

Miezi miwili ikapita. Mjukuu wangu akaanza kuhara, tena si kidogo. Siku ya pili mtoto wa jirani wa upande wa chini naye vile vile. Tukawapeleka dispansari. Mwuguzi aliwapa maji ya chumvi na sukari, akawaangalia macho na ngozi, halafu akanigeukia.

“Baba, maji ya kunywa mnayatoa wapi?”

“Kwa robine, mama. Sisi hatuchoti mtoni.”

“Na tiyo yenu inapita wapi, baba?”

Hapo nikanyamaza. Nimefanya kazi chini ya ardhi miaka 26. Kwenye galeri nilijua kila mti unaoshika dari, kila njia ya hewa, kila pahali pa kukimbilia. Lakini tiyo inayoninywesha mimi na watoto wangu, sikujua inapita wapi.

Watoto walipona, Mungu asifiwe. Tuliporudi tulichimba, mimi na jirani. Tukafuata tiyo kutoka ukutani. Ilipita hatua moja tu kutoka kwa mfereji wa choo, na mfereji ule ulikuwa umepasuka siku nyingi. Mpira wangu wa baiskeli tuliukuta umelala ndani ya maji meusi yenye harufu. Siwezi kuapa kwamba ndio uliowagonjesha watoto, maana kuhara kuna njia nyingi. Lakini tangu siku ile sijafunga mpira tena kwenye tiyo ya maji ya kunywa.

Wengine watauliza: maji yanatoka nje kwa nguvu, uchafu utaingiaje ndani? Mimi pia niliuliza hivyo. Wale waliofanya kazi kwenye pompe watanielewa upesi. Maji yakiwa na nguvu ndani ya tiyo, ni kweli, tundu linatoa tu. Lakini sisi wote tunajua siku ambazo maji yanakatika. Yakikatika, yale yaliyobaki ndani ya tiyo yanashuka kwa jirani aliye chini, ambaye amefungua robine yake akitumaini kupata bido moja. Yakishuka yanaacha utupu nyuma yao, na utupu unavuta. Mmeona shofere anavyotoa mafuta kwenye tangi kwa kamba ya mpira: anavuta kwa mdomo mara moja tu, halafu mafuta yanakuja yenyewe. Ndivyo ilivyo chini ya ardhi. Tundu lililotoa maji jana, leo linavuta. Na linavuta kile kilicho karibu yake. Kama ni maji ya mvua, una bahati. Kama ni ya choo, ndiyo hayo yatakayotangulia kutoka robine ikifunguliwa kesho asubuhi.

Kwa hiyo maji ya kwanza yakirudi baada ya kukatika, msiyanywe. Wamama, yaacheni yatiririke ndani ya ndoo, yatafaa kuosha sakafu au kuchanganya sima. Yakiwa safi kwa macho, bado yachemsheni, mpaka yatoe mapovu makubwa. Wakati wa Ebola, tangu 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tulijifunza kunawa mikono kila mlangoni na kuweka klorini ndani ya maji. Ugonjwa ulipokwisha, ndoo nyingi zilirudi kuwa za kufulia. Nadhani tuliacha mapema mno.

Sasa nirudi kwa nyumba zenyewe. Kazi ya dhahabu ya Kilo ilianza 1905, na 1926 ikaundwa sosiete ya Kilo-Moto. Nchi hii ikajengwa nyumba nyingi: za wazungu, za makarani, za makapita, kambi za wafanyakazi. Irumu, kule kwenye mto Shari, ilikuwa makao ya wakubwa wa wilaya ya Kibali-Ituri mbele Bunia haijachukua nafasi hiyo. Zile zinazosimama bado zina miaka 60, 70 au zaidi. Tiyo ya chuma chenye zinki haiishi milele. Inaliwa na kutu kwa ndani, pole pole, mpaka njia ya maji inabaki nyembamba kama kidole cha mtoto. Ukiona robine inatoa maji kidogo wakati ya jirani inatoa vizuri, usikimbilie kulaumu robine. Tiyo imejaa kutu.

Halafu ikaja vita ya Ituri, 1999 mpaka 2003. Mnajua wenyewe yaliyotokea, sitaki kuyarudia hapa. Kwa jambo letu la leo nitasema hili tu: watu walipokimbia, mabati yaling'olewa, milango, lavabo, hata tiyo ndani ya kuta. Waliorudi walitengeneza kwa kile walichopata. Ndiyo maana ndani ya nyumba moja unakuta kipande cha chuma, kipande cha shaba nyekundu, kipande cha plastiki, na katikati kamba na lami. Shaba ikiunganishwa moja kwa moja na chuma chenye zinki, chuma kinaliwa haraka pale pale pa kuungana. Fundi mzuri anaweka kati yao kipande cha shaba ya manjano au cha plastiki. Fundi wa haraka anakaza tu na kwenda zake.

Nyumba ya namna hii ni kama shimo la zamani lililoachwa. Hakuna kapita mwenye akili atakayeingiza watu ndani bila kuuliza: nani alichimba hapa, alitia miti wapi, maji yanatokea wapi? Nyumbani tunaingia na kle mkononi bila kuuliza neno. Tena tunaingia Jumamosi saa kumi na moja ya jioni, wakati maduka yanafunga. Chuma cha zamani kina tabia moja: ukifungua pahali pamoja, pa pili panavunjika. Ulitaka kubadilisha robine ya franka kidogo, sasa umeshika mkononi tiyo iliyokatika ndani ya ukuta, maji yanaruka mpaka kitandani, na hakuna anayejua yanafungwa wapi.

Basi kabla ya kushika kle, tafuta robine kubwa ya kufunga parseli yote. Iko karibu na konteri, mara nyingi imefukiwa na udongo au majani. Ijaribu leo, siku ambayo hakuna shida. Kama imeganda na kutu, usiilazimishe. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kumlipa fundi, mbele ya lavabo mpya na mbele ya rangi ya ukuta. Mwonyeshe bibi yako na watoto wakubwa pahali ilipo, maana tiyo haingojei baba arudi kutoka kazi. Jaza bido mbili tatu za maji. Anza asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, hata mafundi. Katika nyumba nyingi za zamani, mafundi wa umeme walitumia tiyo ya chuma kuwa tere. Tere ni ile njia ya kupeleka umeme uliopotea udongoni, usimpitie mtu. Tiyo ilikuwa ya chuma tupu, imelala udongoni, kwa hiyo walifunga waya wa tere juu yake na kazi ikaisha. Leo unatoa chuma kilichooza, unaweka plastiki. Ni vizuri kwa maji. Lakini plastiki haipitishi umeme, na nyumba yako sasa haina tere. Haionekani. Taa zinawaka, redio inaimba. Siku waya mmoja unapochubuka ndani ya mashine ya kupasha maji au ya kufulia, umeme unakaa juu ya chuma cha dushi unangoja mtu mwenye mwili wenye maji na miguu mitupu.

Jirani mmoja alibadilisha tiyo zake vizuri kabisa. Baada ya wiki watoto wakaanza kusema dushi “inauma”. Mama yao alidhani wanakataa kuoga. Watoto wote wanakataa kuoga, si hivyo? Mpaka siku yeye mwenyewe aliposhika robine. Alitupwa ukutani, akapona na kovu mkononi. Fundi wa umeme alipokuja, aliona waya wa tere umefungwa kwenye kipande cha chuma chenye urefu wa mkono mmoja, na baada yake plastiki. Alipigilia chuma kirefu udongoni nje ya nyumba, akafunga waya wa kijani na manjano, akapima. Ilikuwa kazi ya nusu siku.

Kwa hiyo, wandugu, yeyote anayetoa tiyo ya chuma aulize kwanza: tere ya nyumba hii iko wapi? Na anapokata chuma chenyewe, azime umeme wote kwenye konteri. Umeme uliopotea unaweza kuwa unapita ndani ya tiyo wakati huo huo anapoikata, na akishika pande mbili, mwili wake ndio unaounganisha.

Sasa neno ambalo ni letu sisi, watu wa dhahabu. Wengi kati yetu wana kaka, mtoto au mpangaji anayechimba kwa mkono na kukamata dhahabu kwa zebaki, merkiri vile wengi wanavyosema. Anakuja kuosha jioni jikoni, juu ya lavabo, halafu anachoma juu ya makaa. Kuchoma zebaki ndani ya nyumba ni kuivutia familia yote sumu. Hata Mkataba wa Minamata wa 2013 umeweka uchomaji huo katika makao ya watu kati ya mambo ya kukomeshwa. Lakini leo nasema juu ya ile inayodondoka. Zebaki ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji. Haiendi na maji machafu. Inakaa ndani ya ile shingo iliyopinda chini ya lavabo, mafundi wanaiita sifoni. Inakaa pale miaka.

Fundi anakuja kuzibua. Anafungua sifoni, anamwaga uchafu sakafuni, na kati ya nywele na mafuta ya sabuni zinatoka tembe ndogo zinazong'aa kama feza. Watoto wanazikimbilia, maana zinapendeza, zinakimbia kama wanyama. Nimeona kwa macho yangu. Na fundi mwingine ana tabia ya kupasha tiyo moto ili ilainike au ifunguke. Akipasha tiyo yenye zebaki, chumba kinajaa mvuke usioonekana wala kunuka, unaoharibu ubongo na figo, na zaidi sana mtoto aliye ndani ya tumbo la mama.

Kama nyumba yako imewahi kuoshewa dhahabu, hata na mpangaji wa zamani, mwambie fundi kabla hajafungua. Usione haya. Wekeni beseni chini ya sifoni. Watoto na mama mwenye mimba watoke nje, madirisha yafunguliwe. Tembe zikionekana, zisifagiwe, maana ufagio unazipasua kuwa ndogo zaidi. Zisukumwe kwa karatasi ngumu ndani ya chupa yenye maji kidogo, ifungwe vizuri, iandikwe, iwekwe mbali na jiko. Zisimwagwe chooni wala mtoni. Na pete ya ndoa ivuliwe kwanza, kwa sababu zebaki inakamata dhahabu ya pete sawa na ile ya udongoni. Wanaume wengi wanalikumbuka hilo la pete kuliko la figo, basi nimeliandika.

Juu ya risasi nitasema kwa kifupi. Nyumba za zamani pahali pengi duniani zina tiyo za risasi, au shaba iliyounganishwa kwa risasi. Risasi haina ladha ndani ya maji, na kuchemsha hakuiondoi. Katika mji wa Flint, Marekani, walibadilisha maji ya mto mwaka 2014 bila kuyatia dawa ya kulinda tiyo za zamani, na risasi ikaingia ndani ya maji ya watoto. Kuijua ni rahisi: kwaruza tiyo kwa kisu. Risasi ni laini, ndani inang'aa, na sumaku haiishiki. Ukiikuta, itolewe yote. Mpaka siku hiyo, maji yaliyolala usiku ndani ya tiyo yasiwe ya kupikia uji wa mtoto. Acheni yatiririke kwanza. Na zile tiyo za kijivu za sima zinaweza kuwa na amiante. Asizikate mtu kwa msumeno zikiwa kavu. Sisi tunaojua vumbi la mawe linafanya nini kifuani hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Najua jibu litakalokuja. Mzee, franka ziko wapi? Mshahara unakuja na wenyewe wanaungojea mlangoni, karo ya shule, duka, dawa. Wewe unatuambia kubadilisha tiyo nzima!

Jibu langu la kwanza alinipa bibi yangu. Yeye anaandika matumizi yote ndani ya kaye ya shule. Siku ile tulipotoka dispansari alinionyesha: mpira, waya, lami, fundi wa kwanza aliyekuja kukaza, fundi wa pili aliyekuja kukaza alichokaza wa kwanza, dawa za mtoto, pikipiki ya kwenda na kurudi. Ilishapita bei ya tiyo ya plastiki kutoka konteri mpaka jikoni. Mimi nilikuwa nimejisifu kwamba sikutoa hata franka.

Jibu la pili ni kwamba tiyo si ya mtu mmoja. Nyumba zetu zimejengwa kwa mstari na tiyo moja inapita kwa watu watano, sita. Tundu la mmoja ni uchafu wa wote, hasa wa yule aliye chini. Basi tulifanya hivi: tulikaa nyumba tano, kila mwezi kila nyumba ikatoa kitu kidogo, mama mmoja akashika sanduku. Hatukubadilisha yote siku moja. Tulianza na kipande kinachopita karibu na choo, kwa sababu ndicho kinachoweza kuua. Tiyo mpya ya maji safi tuliipitisha mbali na mfereji na juu yake, tukaifukia vizuri, maana jua linaipasua plastiki iliyoachwa wazi. Mfereji wa choo uliopasuka tuliutengeneza pia. Ungebaki vile, kazi yote ingekuwa nusu. Robine zinazodondoka tuliziacha nyuma. Zinaudhi, haziui.

Lakini zisisahauliwe. Nilihesabu usiku mmoja niliokosa usingizi: tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukichukua matone 20 kwa mililita moja, ni zaidi ya lita 4 kwa siku, lita 30 kwa wiki: bido moja na nusu. Na mara nyingi dawa yake ni kampira kadogo ka ndani ya robine, ambako kijana yeyote wa nyumbani anaweza kukabadilisha kama maji yamefungwa.

Vijana wetu wanaojifunza kazi hii wananipa furaha, wanafanya upesi na bei yao si mbaya. Naomba tu tusiwalipe kwa upesi. Fundi akimaliza, asifukie. Maji yafunguliwe, yakae saa nzima, sisi wote tuangalie kila kiungo kwa macho na kwa mkono mkavu. Halafu achore kwenye karatasi tiyo inapita wapi, hatua ngapi kutoka ukutani, robine ya kufunga iko wapi. Karatasi yetu imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mjukuu wangu ameongeza picha ya mbuzi, lakini hatua zinasomeka.

Bado kuna kipande kimoja, kile kinachopita chini ya barabara ndogo mpaka nyumba ya tano. Jumamosi ijayo tunakifungua, saa moja ya asubuhi. Majembe tunayo matatu. Tunatafuta la nne.